Ami alijibu “Alhamdulillahi”: kisa cha reli ya zamani, Mwatate hadi Bura

Muuguzi alipoizungusha chupa, kizibo kililia “tak”. Sote tulisikia. Ilikuwa saa saba kasorobo mchana, tumeshatembea zaidi ya saa nne, na mwenye chupa alikuwa amelala chali juu ya kikoi chake katikati ya reli, ananiuliza mimi kama upepo wa kusi umeshaingia. Chupa ile ya lita moja na nusu haikuwa imefunguliwa tangu ilipotoka dukani Voi.

Kisa hiki kimeshazunguka Malindi kwa namna mbili. Wapo wanaosema jua la Taita limempiga mtu wa pwani, na wapo wanaosema tumepita pahali pana watu wasioonekana bila kubisha hodi. Kauli zote mbili zinatuondolea lawama sisi tuliokuwapo, ndiyo maana nimeona nikae niandike. Mhusika amenipa ruhusa kwa sharti moja, nisimtaje jina. Basi nitatuita wote kwa kazi zetu.

Tulikuwa watano. Nahodha ana miaka 54, mvuvi wa mtaa wa Shela, mtu ambaye sijapata kumwona amechoka. Kwa umri sote tunamwita Ami. Mwalimu anafundisha historia. Muuguzi ni dada wa Kaloleni anayefanya kazi Malindi. Dereva ana tuktuk, kijana wa Kigiriama, mdogo wetu sote. Mimi nauza vifaa vya umeme. Tulianza kutembea pamoja alfajiri za Jumapili, kutoka Silversand hadi Casuarina na kurudi, kisha tukanogewa: Mambrui kwa miguu, Gedi hadi Mida, na kadhalika. Hatukuwa wageni wa kutembea. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotuponza.

Malindi haijapata kuwa na reli. Tumekua tukisikia habari za gari la moshi kutoka kwa watu wa Mombasa, ambao hawakuacha kutukumbusha. Kwa hiyo Mwalimu aliposema kuna reli nzima imelala Taita, nyasi zimeifunika, mtu anaweza kutembea katikati yake toka stesheni hadi stesheni, hakuna aliyehitaji kubembelezwa.

Reli yenyewe ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliijenga kutoka Voi mwaka 1915 kupeleka askari na mizigo kwenye mpaka wa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mwaka 1916 ikavuka Taveta ikafika Kahe, ikaungana na reli ya Wajerumani ya Tanga hadi Moshi. Upana wake ni mita moja, sawa na ile kongwe ya Mombasa–Nairobi. Miaka ilipokwenda, lami ya Voi–Taveta ikachukua abiria na mizigo, reli ikaachiwa mbuzi.

Tulilala Voi Ijumaa. Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi tulikuwa Mwatate, kila mtu na mkoba wake, na ndani yake chupa tatu za lita moja na nusu. Nilizinunua mimi, nikazigawa mimi. Hesabu yangu ilikuwa lita nne na nusu kwa kichwa, saa tano za kutembea, na baki. Kwenye karatasi hesabu ile haina kosa hadi leo. Mzee mmoja tuliyemwomba njia alituambia tovu watapita salama mchana, ila tukiona kinyesi kibichi tuache reli tupande lami. Tulimwelewa baadaye kwamba “tovu” anakusudia ndovu, na wanaopita ni wao, siyo sisi.

Kutembea juu ya reli kunachosha kuliko mtu anavyodhani. Mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya chuma, hayakupangwa kwa hatua ya binadamu: ukikanyaga kila moja unatembea kama bibi harusi, ukiruka moja unakuwa kama unayevuka mitaro siku nzima. Ukishuka pembeni, kokoto zinateleza chini ya kiatu. Penye nyasi huoni taruma wala kokoto, unapapasa kwa mguu, na macho hayatoki chini kwa sababu ya kifutu, nyoka ambaye hana habari ya kukukimbia. Pahali pengine kikwata kimefunga njia kabisa. Dereva alitangulia na panga, sisi nyuma tukichomolewa miiba mashatini. Ufukweni tunakwenda kilomita tano kwa saa bila kujijua. Hapa, nilipokuja kutazama simu, tulikuwa tunakwenda mbili na nusu.

Halafu kuna jambo la jasho. Malindi mtu akitoka jasho analiona: shati linamgandia, linamtiririka mgongoni, anajua amepoteza maji. Taita hewa ni kavu, jasho linakauka kabla halijashuka, unabaki na chumvi nyeupe kolani. Nilijiona mkavu nikajisifu kwamba jua la huku si kitu. Na mvuvi ana upepo siku zote. Nahodha anakaa juani saa kumi, lakini ni jua lenye matlai au kusi ndani yake. Pale ambapo reli imepasua kilima na kuacha kuta mbili za udongo mwekundu, hapakuwa na hata pumzi ya kuzima kibiriti.

Saa nne tulipumzika juu ya karavati. Nilitoa mahamri na mbaazi tulizobeba toka nyumbani. Nahodha alipokea mahamri mawili, akayashika mkononi huku Mwalimu akihutubu. Mwalimu akipewa kivuli hutoa somo. Alituambia kwamba mwaka 1914, vita vilipokaribia, serikali ya kikoloni ilikuwa inawadai Wagiriama vijana wa kwenda kufanya kazi, wakakataa; Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza, alikuwa ameshawaapisha wasikubali; Kaya Fungo, msitu wao mtakatifu, ikalipuliwa kwa baruti Agosti mwaka huohuo.

Dereva akafuta panga lake kwenye nyasi. “Kwa hiyo babu zangu walipigana ili wasiletwe huku,” akasema, “na mimi nimelipa nauli.”

Tulicheka sana. Nahodha naye alicheka. Mwalimu akaendelea kwamba moja ya shida kubwa za jeshi kwenye njia hii ilikuwa maji, yakawa yanavutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura na mengine kupakiwa kwenye gari la moshi toka Voi. Nahodha alikuwa amekaa juu ya reli, anatikisa kichwa kwa uchungu kama anayesikia habari za jamaa zake. Mahamri hayakuwa mkononi tena. Kila mmoja wetu alidhani yamekwenda yanakokwenda mahamri.

Ndipo nilipomwuliza, na nakumbuka maneno kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi.

“Ami, maji vipi, umekunywa?”

“Alhamdulillahi.”

Nikaridhika. Nilimwuliza tena baadaye kidogo, na Muuguzi alimwuliza mara moja. Jibu lilikuwa lilelile, na tabasamu lilelile.

Nahodha alikuwa amefunga. Tulikuwa katika Mfunguo Mosi, wiki ya pili baada ya Idi, naye kila mwaka tangu alipokuwa kijana hufunga sita zake, zile siku sita za sunna zinazofuata Ramadhani. Siku ile ilikuwa ya nne. Hakusema, kwa sababu saumu ya sunna, ile isiyo ya lazima, haipigiwi mbiu. Akitangaza anahisi ameipunguza. Alipanga kutembea polepole, kufika Bura kabla ya jua kukaa utosini, na kulala kivulini hadi tupate gari. Mpango wake ungewezekana kama tungekwenda mwendo wa Silversand.

Sasa hapa pananiuma. Juzi yake, Alhamisi magharibi, mimi nilifuturu naye. Nilikula tambi na viazi vya nazi kwenye mkeka wake huku mkewe akisema zimebaki chache. Ilikuwa ya tatu ile. Habari niliyoihitaji ilikuwa tumboni mwangu. Mwalimu naye ni Mwislamu na anamjua Nahodha miaka ishirini. Ukimwuliza Mwalimu siku yoyote nyingine, “Ami hufanya nini baada ya Idi?” atakwambia papo hapo anafunga sita. Hakuna kati yetu aliyeulizwa, na hakuna aliyejiuliza. Mambo ya Malindi tuliyaacha Malindi, tukaja Taita na watu watano wapya wasio na dini wala njaa, kila mmoja na lita nne na nusu.

Baada ya saa sita alianza kubaki nyuma. Hilo pekee lilitosha, kwa mtu ambaye siku zote ndiye anayetungoja. Tukalitafutia maelezo ya heshima: Ami anatafakari, Ami anasoma uradi wake. Tulisimama tukaswali adhuhuri, akatayamamu, yaani akatawadha kwa udongo, akaswali akiwa amekaa, akasema magoti. Hata hapo! Mtu aliyeswali kwa kukaa, sisi tukakunja mikeka tukaendelea. Kwenye ule mpasuko wa kilima akajikwaa mara mbili. Mara ya tatu akamshika Dereva bega akamwita kwa jina la mwanawe aliyeko Lamu, akamwambia atie nanga.

Muuguzi aligeuka kama aliyechomwa. Kwake yeye kuchoka, kuumwa kichwa, kichefuchefu na misuli kukaza ni dalili za mwili kuelemewa na joto, na mtu hupumzishwa, hupewa maji, akapata nafuu. Lakini akili ikianza kupotea, mambo yamebadilika: mwili umeshashindwa kujipoza, joto la ndani linaweza kuwa limevuka nyuzi 40, na hapo dakika zina hesabu. Alimshika shingo na kwapa, akasema, “Mlazeni. Sasa hivi.”

Mwalimu alisema tusimlaze. Nataka nimtendee haki, kwa sababu alichosema kilikuwa na mantiki na mimi nilikuwa upande wake. Simu ilionyesha stesheni ya Bura iko mbele kilomita mbili na kidogo. Mbele kuna watu, kuna kivuli. Tumshike huku na huku, twende polepole, tutafika. Wakati anasema hayo kidole chake kilikuwa juu ya kioo cha simu, na chini ya kidole hichohicho mstari wa lami ulikuwa unapita sambamba na sisi, pengine mita mia nne kushoto. Wote tuliuona. Hakuna aliyeuhesabu. Toka asubuhi tulikuwa watu wa reli: mbele ni Bura, nyuma ni Mwatate, na kushoto na kulia ni miiba. Mtu akishafuata chuma saa nne, kutoka nje yake kunakuwa kama kuruka chomboni. Kilomita mbili kwa mwendo wetu, tukiwa tumembeba mtu, zingetuchukua zaidi ya saa nzima, na yeye angekuwa anapika kutoka ndani muda wote huo.

Dereva, mdogo wetu, ndiye aliyeona. “Magari yanasikika,” akasema. Tukanyamaza. Kweli, lori lilikuwa linabadilisha gia.

Akaondoka na panga bila kungoja kikao kimalizike.

Muuguzi alitaka maji ya kummwagia, yote tuliyonayo. Tulipata kama lita tano kwenye mikoba yetu minne. Kisha akafungua mkoba wa Nahodha, akatoa chupa ya kwanza, na ndipo kizibo kilipolia. Ya pili nzima. Ya tatu nzima. Chini yake mahamri mawili, yamefungwa vizuri kwenye kipande cha gazeti. Lita nne na nusu alizibeba mgongoni toka Mwatate kama anayebeba amana ya mtu.

Mwalimu akakaa chini. “Amefunga,” akasema. “Ya Rabbi, amefunga.”

Tulimvua shati na viatu, tukamtandazia kikoi kilicholowa kifuani, mapajani, shingoni, tukamwagia, tukapepea kwa mkeka wa kuswalia, tukamwagia tena. Roho yangu ya kibiashara ilikuwa inahesabu kila lita. Nilisema tubakize ya kunywa. Muuguzi akanijibu bila kuinua kichwa kwamba ya kunywa yatakuja, tusipompoza sasa hatutakuwa na wa kumnywesha. Na hakumtilia kitu mdomoni mpaka alipoweza kujibu jina lake na kumeza mate, maana mtu aliyechanganyikiwa ukimnywesha maji yanaweza kwenda mapafuni. Baada ya kama robo saa Nahodha alifungua macho, akamtazama Muuguzi, akavuta kikoi kufunika tumbo. Haya zilikuwa zimerudi. Muuguzi alicheka huku machozi yanamtoka.

Alipopewa chupa alisita. Akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamwambia taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akihutubia nayo: “Ami, wewe msafiri, na hii ni sunna. Mwenye saumu ya sunna ni amiri wa nafsi yake.” Nahodha akasema bismillahi, akanywa.

Dereva alirudi baada ya dakika arubaini, mikono imechanika, na mwenye bodaboda mmoja aliyebeba dumu la lita ishirini kichwani kupitia tundu lilelile la miiba. Tulimtoa Nahodha kwa kumshikilia, tukapata gari la kuelekea Mwatate. Kwenye kituo cha afya walimpima: joto nyuzi 39 na nukta moja, na hiyo ni baada ya kumwagiwa lita kadhaa, sukari iko chini. Wakamtundikia dripu. Usiku akaomba wali.

Ile sukari imezua ubishi kati yetu. Mwalimu anasema pengine kuchanganyikiwa kulitokana na njaa zaidi kuliko joto, kwa hiyo mahamri yangemwokoa. Muuguzi hakatai kwamba vyote viwili vilikuwapo, ila anasema porini huna cha kupimia sukari, shingo inayochoma mkono unaihisi, na mtu huanza na anachokihisi. Mimi sina elimu ya kuamua kati yao.

Ninachoweza kuchambua ni lile swali langu. Nimelirudia mpaka limenichosha: “Ami, maji vipi, umekunywa?” Halina kosa la sarufi. Kosa lake ni kwamba liliulizwa kwa adabu, na adabu yetu ina majibu yake tayari. Mtu yuko kitandani hajiwezi, ukiingia ukamwuliza “hujambo?” atakujibu “sijambo” kwanza, ndipo ageuke akueleze anavyokufa. Ukimwuliza mkubwa wako, mbele ya vijana, kama amekunywa maji, umempa nafasi moja tu ya kujibu bila kujidhalilisha wala kuitoa siri yake. Nahodha hakunidanganya. Alimshukuru Mungu, na mimi nikatafsiri shukrani ile kuwa maji. Ningekuwa nauza waya ningemwuliza mteja, “mita ngapi?” nisingemwuliza, “waya vipi?”

Nimesikia ushauri kwamba tungeweka sheria ya kila mtu kutangaza hali yake kabla ya safari. Sikubaliani nao. Mtu anayefunga kwa siri hatatangaza, mwanamke aliye mwezini hatatangaza, mwenye kisukari anayeficha hatatangaza, na hawana wajibu wa kutangaza. Sisi sasa tunatazama chupa. Kila kituo chupa zote zinawekwa chini kwa mstari, zinaonekana zimefikia wapi, hakuna anayeulizwa neno. Chupa isiyopungua inatosha mtu akaenda kando na mwenyewe wakanong’ona. Na kabla ya kuondoka tunaangalia kalenda, ya Kiislamu na ya Kanisa pia, kwa sababu Muuguzi ana Kwaresima yake na hajawahi kutuambia anaacha kula nini.

La pili ni dogo lakini nisingependa kuliacha: kwenye kipande kile, kila baada ya nusu saa mmoja wetu alipaswa kuangalia lami iko umbali gani na upande gani, hata kama hatuihitaji. Sasa kazi hiyo ni ya Dereva. Amejipa cheo, anajiita Waziri wa Kutoka.

Nahodha alikaa nyumbani wiki nzima kwa amri ya mkewe, ambaye hadi leo ananisalimia kwa shingo upande. Muuguzi alimkataza jua, hakumkataza kufunga. Asubuhi moja, Mfunguo Mosi ukiwa unakaribia kwisha, simu yangu ililia saa kumi na moja alfajiri. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: “Leo nimefunga, ya tano. Nakwambia mapema. Jioni njoo na mahamri, yale mengine nilimpa mbuzi wa Voi.”